Franchaizi ya kuku Kondele: niingie au niache?

Mkaaji wa Kondele: Wadau, naombeni ushauri. Kampuni moja ya Nairobi ya kuku wa kukaanga inauza franchaizi, yaani haki ya kufungua tawi kwa jina lao, nami nimeona chumba kando ya barabara hapa Kondele, Kisumu. Ada ya kuingia 900,000, halafu kila mwezi 6% ya mauzo na 2% ya matangazo. Jina lao linajulikana. Sijawahi kuendesha hoteli. Je, kazi hii inamfaa mtu kama mimi? Usingizi umekata.

Hesabu Kwanza: Ndugu, 6% hiyo ni ya mauzo, si ya faida. Chukua mauzo ya 25,000 kwa siku, yaani 750,000 kwa mwezi. Kampuni inakata 6% na 2%, jumla 60,000. Kuku, viazi, mafuta na mifuko, kwa bei yao, weka nusu: 375,000. Kodi ya chumba 70,000, wafanyakazi sita 108,000, gesi na umeme 55,000. Unabaki na 82,000. Mauzo yakishuka hadi 18,000 kwa siku, una hasara ya 6,200. Tena ukivuka milioni 5 kwa mwaka lazima usajiliwe VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ndani ya 750,000 VAT ni kama 103,400, kabla ya kutoa uliyolipa kwenye manunuzi. Waulize 6% yao inakatwa kabla au baada ya VAT. Mtaji unatoka wapi?

Mkaaji wa Kondele: Mkopo. Ila swali langu ni kama inanifaa.

Nyar Nam: Kisumu watu wanakula samaki. Kaanga ngege na mbuta, hakuna wa kukukata asilimia.

Fundi wa Jiko: Vikaango viwili vya umeme vya kW 6 kila kimoja, kwenye 240V, vinavuta ampia 50, bado friza hujawasha. Chumba chenye umeme wa fezi moja hakibebi. Uliza kama mkataba unaruhusu gesi. Mafuta nayo: yachuje kila usiku. Ukiona povu dogo lisilotulia na moshi kabla kuku hajaingia, yamekufa, na kuku atatoka mweusi nje, mbichi kwenye mfupa.

Mwandishi wa Mikataba: Mkopo una dhamana gani?

Mkaaji wa Kondele: Hati ya shamba la mama, Vihiga. Milioni 2.4, miezi 48. Na nimeshalipa 150,000 za kushikilia eneo. Lakini mama amekubali mwenyewe, na kampuni ilisema Kisumu inatoa nafasi moja tu. Ningefanyaje?

Mwandishi wa Mikataba: Kwa riba ya 15% marejesho ni kama 66,800 kwa mwezi. Toa kwenye zile 82,000. Hati ni ya mama, kwa hiyo mama ndiye atatia sahihi, na shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kenya haina sheria maalum ya franchaizi, kinga yako ni mkataba tu. Nenda KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, utafute alama yao, daraja la 43, ndilo la migahawa. Jina la biashara peke yake halitoshi. Mkataba wa chumba nao usiwe mfupi kuliko wa franchaizi.

Msomaji wa Nakuru: Hili ni tangazo. Ada, asilimia, “nafasi moja tu”, vyote vimepangwa kama kipeperushi.

Mkaaji wa Kondele: Ningekuwa nauza ningetaja jina. Risiti ninayo hapa: “Ada ya kushikilia eneo. Hairudishwi.” Neno hilo la mwisho nililisoma baada ya kulipa.

Mama Esther: Mwanangu, shamba la mama usiliweke benki. Atalima wapi?

Hesabu Kwanza: Zile 150,000 zimekwenda, zisikuvute. Omba namba za watatu walionunua, mmoja awe aliyejitoa. Kisha kaa mbele ya tawi lao Jumanne na Jumamosi, saa sita hadi saa nane mchana, uhesabu mifuko inayotoka.

Mkaaji wa Kondele: Tawi liko Nakuru. Jumanne nitakuwa huko. Hati bado iko kwa mama, benki sijaipeleka.