Naomba ushauri: jiofizikia, elektroniki au mionzi?

Wakubwa zangu na ndugu wote, salamu kutoka Goma.

Niko mwaka wa mwisho wa fizikia. Kabla ya Ijumaa natakiwa kuchagua kozi mbili za hiari kati ya tatu: jiofizikia (fizikia ya dunia yenyewe, kama volkano na mitetemeko), elektroniki na fizikia ya mionzi.

Moyo wangu uko kwa jiofizikia. Aliyekuwa hapa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipotapika atanielewa. Sisi tulivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, usiku na godoro kichwani. Tena Ziwa Kivu lina gesi ya metani, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaigeuza kuwa umeme, megawati 26 hivi. Shida ni kwamba hapa mjini kazi za kupima mitetemeko ni za kuhesabu kwa vidole.

Baba mdogo anasisitiza elektroniki: "Funga sola, utakula kila siku." Simbishii, ila fundi wa mtaani naye anazifunga bila diploma. Mionzi nayo ingenifaa kwenye migodi ya Katanga, ambako baadhi ya mawe ya shaba na kobalti yana urani ndani.

Nimemuuliza mwalimu mmoja, akanijibu "fuata unachopenda". Nikatoka vile nilivyoingia. Kwa sasa najifunza Python, lugha ya kuandika programu za kompyuta, peke yangu, usiku, umeme ukiwepo.

Nauliza mawili tu. Waliofanya kazi migodini au kwenye sola, kozi gani iliwasaidia kweli? Na jiofizikia pamoja na elektroniki, vinaendana kwa mtu asiye na uhakika wa kuendelea na masta?