Tupeane uzoefu: lenzi ndefu inazubaa kushika ndege akiwa angani

Mwanzisha uzi
Wakuu, hapa tunazungumzia ndege wa manyoya, si zile za uwanja wa Kipawa. Malalamiko ni yaleyale: una lenzi ya milimita 150-600 au 200-500, yangeyange anapita, lenzi inakwenda mpaka mwisho, inarudi, na ikija kushika ndege keshavuka ng'ambo.

Kabla ya kulaumu lenzi, ipime. Fokasi kwanza kitu kilicho mita 5, kisha lenga nguzo ya umeme iliyo kama mita 60 na ubonyeze. Rudia, ila safari hii zungusha ringi kwa mkono mpaka nguzo ionekane karibu sawa, ndipo ubonyeze. Ikishika papo hapo mara ya pili, lenzi ni nzima. Kinachokuchelewesha ni urefu wa safari. Ikisuasua mara zote mbili na jua linawaka, msubiri fundi hapo chini.

Mchangiaji ataje lenzi, kamera, umbali na swichi ilikuwa wapi. "Lenzi mbovu" peke yake haisaidii mtu.

Mdiria_Ziwani
Naanza na swichi ya masafa ya fokasi, maana wengi huiacha kwenye FULL (masafa yote) tangu lenzi itoke dukani. Sigma 150-600 na Tamron 150-600 G2 (toleo la pili) pamoja na Sony 200-600 zina nafasi ya mita 10 hadi mwisho. Nikon 200-500 inaanzia mita 6, Canon 100-400 toleo la pili mita 3. Sehemu kubwa ya mzunguko wa fokasi imo kwenye vile vimita vya karibu. Kutoka mita 10 kwenda mbali, vioo vya ndani husogea kidogo tu. Ukiifungia lenzi huko, hata ikikosa itapotea kwa muda mfupi.

Ila kuna mtego. Pale Naivasha mwenye boti akimrushia furukombe samaki karibu mno na ndege akakatiza mita 8, lenzi iliyofungiwa mita 10 haishiki kabisa, utadhani imekufa. Mwombe arushe mbali kidogo, au rudisha FULL kabla samaki hajarushwa. Wenye Sigma wakiwa na kile kidude cha USB Dock, au Tamron G2 na TAP-in, wanaweza kujiwekea mpaka wao wenyewe kwa kompyuta, tuseme mita 6.

Keremkerem
Mimi naongezea kidole gumba. Hamishia fokasi kwenye kitufe cha AF-ON na uiondoe kwenye kitufe cha shata. Kabla ndege hajaja, fokasi mti au kigingi kilicho umbali ule atakaopita, kisha achia. Akiingia kwenye fremu anakuwa na ukungu kidogo tu, na kamera inajua pa kuanzia. Ndege ambaye ni doa la ukungu mtupu kamera haimwoni. Hapo ndipo lenzi inaanza kutangatanga.

Na fokasi ikirukia matete ya nyuma, usikandamize kitufe ukiomba dua. Achia, mrudishe ndege katikati, bonyeza upya.

Mgeni_wa_600
Swali: natumia pointi moja ya fokasi ya katikati na AF-C (fokasi inayoendelea kufuata). Nimekosea?

Keremkerem
AF-C ni sawa, kwa Canon ni AI Servo au Servo. Pointi moja inamfaa mwari, mzito na anakwenda polepole. Kwa mbayuwayu ni kujitesa. Anga ikiwa tupu tumia eneo pana. Nyuma kukiwa na miti au mawimbi, tumia kundi dogo la pointi. Kamera yako ikiwa na utambuzi wa ndege, uwashe, ila eneo usilipanue kupita haja.

Halafu kuna ule ung'ang'anizi wa fokasi. Kwa Nikon D500 na D850 ni kipengele a3 cha menyu, namba 1 mpaka 5: 5 inavumilia tawi likikatiza mbele, 1 inahama mara moja. Canon ni -2 mpaka +2, na hasi ndiyo inayong'ang'ania. Shida yake ni kwamba inang'ang'ania hata ilichokosea. Ikishika matete kwanza ukiwa kwenye 5, ndege atakwenda zake.

Mdiria_Ziwani
Mgeni, hebu kuza picha uliyoharibu uitazame. Maji ya nyuma yako makali na ndege ana ukungu: fokasi ilikimbilia nyuma. Jicho kali, mabawa yamefutika: kasi ya shata ni ndogo, nenda 1/2000 au 1/3200 ya sekunde. Kila kitu kina mistari miwili kuelekea upande mmoja: mkono umetikisika. Nyingi zinazoitwa "fokasi mbovu" ni 1/500.

Chuma_na_Konveta
Telekonveta ya 1.4, ile ya kurefusha lenzi inayofungwa kati yake na kamera, inapunguza mwanga: uwazi wa f/6.3 unakuwa f/9. DSLR (kamera zenye kioo cha ndani) nyingi fokasi yake mwisho ni f/5.6, zilizo bora zinafika f/8 kwa pointi chache. Kwa hiyo ukiifunga, kutangatanga ni haki yake. Kamera zisizo na kioo hicho (mirrorless) zinavumilia zaidi, lakini asubuhi yenye giza nazo zinalegea. Ivue, ukate picha baadaye.

Mvuke wa joto nao, ziwa Magadi au Natron saa sita mchana, hauna menyu ya kuutibu. Sogea karibu au piga alfajiri.

Fundi_Lenzi
Kwa zilizofeli kipimo cha nguzo. Zima kamera, toa lenzi, tazama zile pini za dhahabu. Ukanda wa pwani chumvi inaziwekea utando usioonekana kirahisi. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, kilowe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya 90% kwenda juu, futa pini za lenzi na za kamera, acha dakika mbili zikauke. Msasa marufuku, na ufutio wa penseli vilevile: unakwangua dhahabu na makombo yake yanaingia ndani.

Kisha betri iliyojaa, ya kampuni yenyewe. Vua filta ya UV ya bei poa ujaribu tena. Kama kuna adapta, jaribu lenzi kwenye kamera isiyoihitaji. Sasisha programu ya lenzi na ya kamera. Kwenye Sigma angalia pia kama mwenye lenzi wa kwanza aliiweka kwenye hali ya fokasi laini kupitia Dock. Lenzi za mtumba zinakuja na mambo hayo.

Kizuia mtikisiko ukiwa 1/2000 kizime, au weka Sport kwa Nikon, namba 3 kwa Canon yenye nayo. Picha kwenye kitafutio (kile kidirisha cha kuchungulia) itatulia.

Ikikwaruza krr krr au kukwama sehemu ileile kila mara, hiyo ni mota au njia ya vioo. Usiilazimishe kwa ringi. Ilete ikiwa bado inasogea.