Punda anayeogopa bodaboda: kumfunga kando ya lami, kumfunga na mzoefu, au kumzoesha polepole?

Mchotamaji_Igunga: Wakuu, habarini. Nina punda jike anayevuta mkokoteni wa madumu kutoka lambo. Tangu bodaboda impite kwa kasi huku ikipiga honi, akisikia pikipiki anaganda katikati ya njia, mkia ameubana. Nimeshauriwa njia hizo tatu. Ipi imewasaidia?

Plau_Nzega: Mfunge kando ya lami siku tatu. Wangu alitulia kabisa.

MamaPunda_Uyui: Ndugu Plau, samahani, hapo napinga. Nami nilifanya hivyo nikafurahi. Kumbe alikuwa amekata tamaa tu, kichwa chini, hata pumba hali. Wiki ya pili pikipiki ilipomsogelea karibu akarusha teke, akavunja ubao wa mkokoteni.

Nikaanza upya. Kijana wangu aliegesha pikipiki, imezimwa, hatua hamsini. Punda akiitazama huku anatafuna, nampa konzi ya pumba. Akiacha kutafuna, najua tumekaribia mno, tunarudi nyuma. Baadaye injini ikawashwa, palepale mbali, ndipo tukapunguza hatua kidogo kidogo. Mlio utangulie, pumba zifuate. Ukitanguliza pumba, ataanza kuogopa hata debe lake! Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Ilinichukua mwezi na nusu, na sijutii hata siku moja.

Mfugaji_Sikonge: Namuunga mkono mama. Punda mzoefu naye anasaidia sana, kwa sababu punda hushikamana na mwenzake. Mweke mzoefu upande wa barabara. Na kamba usiivute mfululizo: vuta kidogo, akinyanyua mguu tu, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Farasi akishtuka hutimua mbio, punda mara nyingi husimama kwanza apime hatari. Watu wanaona ni ubishi, wanamchapa, naye anajifunza kwamba pikipiki ikija na fimbo inakuja.

MamaPunda_Uyui: Mchotamaji, umemkagua chini ya mkanda wa kifua? Mwenye maumivu hazoeshwi.

Mchotamaji_Igunga: Nimetoka kumwangalia sasa hivi. Ana mchubuko mbichi, mpana kama sarafu ya mia mbili, na nilipougusa alitetemeka ngozi yote. Imeniuma sana. Namtoa kwenye mkokoteni mpaka apone, maji nitabeba kwa baiskeli. Pikipiki ya jirani nimeshaiomba, ya kuegesha tu.