Kodi yetu na utafiti wa ngano chuo kikuu: sisi wa Kanda ya Ziwa tunapata nini?

Mkulima Misungwi: Mwangaluka wadau. Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu cha umma, anasomea kilimo. Likizo hii kaniambia wanazalisha mbegu mpya za ngano, wakivuna wanaisaga na kuupima unga kama unafaa mkate. Nilimpongeza, ila usingizi haukuja. Ngano inataka baridi. Huku kwetu joto linaidumaza punje kabla haijajaa. Sisi ni mihogo, mpunga, pamba. Mihogo yangu imepigwa na ugonjwa wa batobato misimu miwili mfululizo. Ni haki kodi yangu ikatafiti ngano ya Hanang? Nauliza kwa nia njema.

Chapati Mabatini: Shikamoo mzee. Hatuilimi lakini tunaila kila asubuhi. Ngano nyingi ya nchi hii inakuja kwa meli. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, unga ulipanda bei na wateja wangu wakabaki na shilingi zao zilezile. Mkikataa utafiti mnataka nini, turudi kwenye michembe ya njaa?

Ng'wana Sengerema: "Michembe ya njaa"? Bibi yangu alilea wajukuu tisa kwa michembe na maziwa ya mgando, na hakuna aliyelala njaa. Omba radhi kwanza, ngano baadaye.

Kijana Igoma: Kweli kakosea. Ila michembe si ndiyo matobolwa? Tunagombania jina tu.

Ng'wana Sengerema: Wewe ni wa huku kweli? Michembe ni viazi vinakatwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa yanachemshwa kwanza, ndipo yanaanikwa. Kama hujui, muulize mama yako kabla ya kuandika.

Kijana Igoma: Mama yangu umemtajia nini? Nimeuliza kwa heshima.

Mwalimu Pasiansi: Vijana, tulieni. Utafiti wa ngano umeokoa watu wengi. Kuna yule Mmarekani, Borlaug, alizalisha ngano fupi kule Mexico, haianguki hata ukiitia mbolea nyingi. Ikafika India na Pakistan. Akapewa Nobeli ya uchumi.

Kijana Igoma: Ya amani, mwalimu. 1970.

Mwalimu Pasiansi: Ya amani, sawa. Hoja yangu inabaki palepale, na wewe punguza ujuaji.

Mama Maandazi Kirumba: Ngoja niseme kama mtu wa karai. Naamka saa tisa usiku. Unga mzuri ukiukanda vizuri, donge linanyumbulika. Ukilibonyeza kwa kidole, shimo linajirudi taratibu. Ukikata kipande ukakivuta, kinakuwa chembamba mpaka unaona mwanga wa taa kabla hakijachanika. Mwaka jana nilinunua mfuko, nembo ileile, bei ileile. Donge likanata mikononi kama gundi. Nikaongeza unga, likanata. Maandazi yakagoma kuumuka, yakanywa mafuta yote. Siku nzima nimepoteza, na aliyeniuzia akasema nimezidisha maji. Miaka kumi na nne nakanda, leo sijui maji!

Fundi Kinu: Mama pole, maji hujazidisha. Dalili hizo mara nyingi ni za ngano iliyonyeshewa ikiwa imeshakomaa shambani. Punje inaanza kuchipua na kimeng'enya kinakata wanga. Maabara tunatia unga na maji kwenye mrija, tunauzamisha kwenye maji yanayochemka, tunakoroga kwa kijiti, kisha tunahesabu sekunde mpaka kijiti kizame. Ngano isiyochipua inapita sekunde 300. Iliyochipua, kijiti kinazama upesi kama kwenye uji mwepesi. Na kunyumbulika kwa donge ni kazi ya gluteni, protini ya ngano, ambayo inategemea sana mbegu. Mbegu inaweza kujaza magunia ikashindwa mkate, ndiyo maana huyo binti anapima unga. Mzee, lingine: ngano hujichavusha yenyewe, mkulima anahifadhi mbegu yake mwakani. Kampuni haina hamu ya kutumia miaka kumi kuzalisha kitu kitakachonunuliwa mara moja. Hata Marekani, mbegu nyingi za ngano za Kansas zimetoka chuo kikuu cha umma. Kikiacha chuo, nani ataifanya?

Chapati Mabatini: Mama Kirumba, mimi huo unga ningejua kwa kuunusa tu.

Mama Maandazi Kirumba: Mwanangu, usinifundishe kunusa unga. Ulipoanza kusukuma chapati mimi nilishasomesha wawili.

Mkulima Misungwi: Fundi, nimekuelewa. Lakini kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko hapa kwetu, kimetoa mbegu za pamba; hiyo UK91 tuliyopanda, UK ni Ukiriguru. Na hicho si chuo kikuu. Ngano nayo ina kituo cha Selian kule Arusha. Chuo kinaingia wapi?

Fundi Kinu: Hao watafiti wa Ukiriguru na Selian wamesomea wapi, mzee? Na magonjwa hayangoji. Kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, aina inayoitwa Ug99 ilionekana Uganda 1998, jirani yetu wa ziwa hili hili, ikaangusha mbegu zilizotegemewa duniani kote. Leo ngano za nchi nyingi zinaletwa Njoro, Kenya, zipandwe penye kutu zionekane zipi zinahimili. Mbegu inayohimili leo inaweza kuangushwa kesho, kwa hiyo lazima kuwe na watu wanaofundishwa kila mwaka.

Ng'wana Sengerema: Yote mmejibu isipokuwa dharau ya michembe.

Mkulima Misungwi: Binti anafika Jumamosi. Mama Kirumba, nikimleta alfajiri akuone ukikanda, utampokea? Maana hajawahi kuniambia habari za donge kunata. Ila batobato yangu bado hamjaigusa.

Mama Maandazi Kirumba: Aje saa tisa, si alfajiri. Alfajiri nitakuwa nimeshamaliza.