Mafumbo ya vina kwenye magrupu: mnatega ovyo, halafu mnatuita wazito

Wakuu salaam,

Uzi huu unawahusu watega mafumbo. Wateguaji leo hawana kesi.

Mchezo wenyewe hauhitaji hotuba. Mtegaji anatoa maelezo, jibu ni maneno mawili yenye kina kimoja. "Tunda la anayekimbizwa na umati": ndizi ya mwizi. Ukishindwa unatoa mji, mnasonga mbele. Sasa siku hizi mtu anatega kitu kisicho na kina, au chenye majibu sita, kisha anakaa saa nzima anatuma vikatuni vya kucheka eti grupu limelala. Grupu halijalala. Fumbo ndilo bovu.

Tuanze na kina, maana uozo mwingi uko hapo. Juzi hapa kumetegwa "paka wa shoka" na watu wakapiga makofi! Silabi ya mwisho ni -ka kote, sawa, na kwenye shairi ingepita, kwa sababu shairi lina mizani na lina ubeti mzima wa kukibeba kina hicho. Fumbo lina maneno mawili tu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ni tano. Ukiruhusu silabi ya mwisho peke yake, umefungulia mlango nusu ya kamusi. Kipimo ni hiki: anzia irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapoangukia, na kila kitu kuanzia hapo kifanane. Paka na kaka, -aka, safi. Nyoka na shoka, -oka, safi. Paka na shoka, hapana.

Halafu kuna wezi wa viambishi. "Mezani shambani." "Mwimbaji mchezaji." "Wanapendana wanapigana." Huo si ufundi, ni sarufi inakufanyia kazi wewe umelala. Namna ya kupima ni kumenya neno. Toa -ni kwenye shambani, inabaki shamba. Kwenye mezani, inabaki meza. Shamba na meza vina kina gani? Lakini sahani na sultani huwezi kuvimenya, ile -ni ni yao ya kuzaliwa, kwa hiyo "sahani ya sultani" ni jibu halali. Mwimbaji na mchezaji ukitoa -aji unabaki na imba na cheza, kwisha habari. Na "wizi wa mwizi" je? Mzizi mmoja, hilo ni neno limejirudia tu.

La tatu ni matamshi. Kwa kuwa tunaandika na hatusikiani, mtu anatega "Hakimu asiye na ajira" na jibu lake ni "kadhi bila kazi". Dh si z, ndugu yangu. Kama kwenu mnatamka "kazi" kwa yote mawili, tangaza kabla ya kutega, au tuma kwa sauti tukusikie. 

Sasa maelezo. Hapa ndipo mtegaji mzuri anapojulikana. Kosa kubwa ni kuanza na maelezo ukitumaini jibu litapatikana. Anza na jibu. Pata jozi yako, ipime kina, imenye viambishi, ndipo uandike maelezo, na maelezo yasiguse neno lolote la jibu wala ndugu yake. "Mapambo ya tembo" kwa jibu la "urembo wa tembo" ni kutega mtego ukiacha panya ndani. "Hereni na wanja wa mwenye mkonga", hapo mtu anafikiri.

Ukimaliza, geuka uwe adui wa fumbo lako. Tafuta jibu la pili. Chukua hili linalozunguka sana: "Mzee wa ukoo na kitu chake (3+2)", yaani silabi tatu kisha mbili. Jibu la mtegaji ni "kitabu cha babu". Mtu akajibu "dhahabu ya babu", akakataliwa. Mwingine "hesabu za babu", akakataliwa. "Jawabu la babu", "adhabu ya babu", yote yamekataliwa, na yote ni silabi tatu kwa mbili, yote yana -abu. Kwa haki gani? Jibu lolote linalotimiza maelezo, kina na silabi ni sahihi, hata kama silo ulilokuwa nalo kichwani. Kama hutaki, bana maelezo: "Kurasa za mzee wa ukoo".

Au tumia dokezo. Watu wanatoa herufi ya kwanza mapema mno, inaua mchezo. Dokezo la kwanza liwe kile kiunganishi cha katikati, ambacho hata hivyo hakihesabiwi kwenye silabi. Sema tu "cha". Dhahabu, hesabu, jawabu na adhabu zote zimeanguka, na bado mtu hajapewa jibu. Dokezo la pili liwe kina chenyewe. Herufi ya kwanza ije mwisho kabisa, watu wakiwa hoi.

Kuhesabu silabi nako ni vurugu. M inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ni silabi: m-to-to ni tatu, m-bwa ni mbili. Lakini mwi-zi ni mbili. Kwa hiyo "moto wa mtoto" ni 2+3. Ukiandika 2+2 umetudanganya, na mtu mwenye jibu mkononi atalitupa.

Mafumbo ya kutafsiri kutoka Kiingereza tafadhali yaacheni hukohuko. Paka wao mnene, "fat cat", ana kina kwao. Kwetu ni paka mnene tu.

Na mwisho wizi wa wazi: kuhariri. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na watu wanabadili maelezo baada ya kuona majibu. Alama ya kuhaririwa inaonekana, msijifanye. Dawa ni mwamuzi wa zamu: mtegaji anamtumia jibu faragha kabla ya kutega. Upande wa wateguaji, mnaocheza Discord wekeni jibu katikati ya mistari miwili ya wima kila upande, ||hivi||, lifichike mpaka mtu aliguse. Telegram chagua maandishi, kisha ufiche kwenye menyu ya mitindo. WhatsApp majibu yaende kwa mwamuzi moja kwa moja, maana la kwanza likitua grupuni wengine wote wanakuwa watazamaji.

Jibu #1
Mkuu umenena, ila kwenye silabi umekwepa jiwe. "Daftari la daktari" unaandikaje? Wengine wanahesabu daf-ta-ri, tatu. Wengine da-f-ta-ri, nne, kama wanavyohesabu mizani.

Mwanzisha uzi
Sikukwepa, niliogopa uzi kuwa mrefu. Grupu likubaliane siku ya kwanza na liandike kwenye maelezo ya grupu. Hilo lako bahati nzuri ni 3+3 au 4+4, pande zote sawa, halimuumizi mtu. Linaloumiza ni neno la aina hiyo likikutana na la kawaida. "Sahani ya sultani" inakuwa 3+3 kwa mmoja na 3+4 kwa mwingine, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Jibu #2
Maneno mengi, hamna mfano wako mpya hata mmoja. Haya tegua hili kama wewe fundi: "Mfalme wa mwitu kapanda jukwaani (2+2)". Dokezo: hakuna kiunganishi.

Mwanzisha uzi
Simba kaimba. Kina kizuri, -imba, na ukimenya ile ka- bado kinasimama. Lakini ka-i-mba ni tatu, mkuu. Andika 2+3 kabla hujalipeleka grupuni.