Ulinganisho: redio ya kaseti ya zamani, redio mpya yenye sura ya zamani, au amplifaya iliyofichwa chini ya kiti?

Mshika_Usukani:
Wanajukwaa, salaam. Zimebaki wiki mbili kabla fundi hajarudisha dashibodi ya gari langu la zamani mahali pake, na hadi sasa sijaamua niweke chombo gani cha muziki. Niko kati ya vitu vitatu: redio ya kaseti ya miaka ya sabini, ile yenye vitufe viwili vya kuzungusha, ambayo aliyekuwa nayo ameifungua na kuisafisha, redio mpya iliyoundwa kwa sura ya zamani lakini ndani ina Bluetooth na tundu la USB, au niiache redio ya awali, ambayo haitoi sauti, ibaki pambo, kisha nifiche amplifaya ndogo chini ya kiti na kuiunganisha na simu. Ninyi mngechagua ipi?

Fundi_Nyaya:
Ndugu, umetutajia redio tatu bila kututajia gari. Ni la mwaka gani? Linatumia volti 6 au 12? Na kubwa kuliko yote, ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi, chanya au hasi? Tueleze pia tundu la dashibodi: ni mashimo mawili ya duara yenye dirisha katikati, au ni ule mstatili wa milimita 180 kwa 50 uliokuja kuwa kipimo cha kawaida baadaye? Kabla hujajibu hayo, sisi tunakuchagulia viatu bila kuuona mguu.

Kaseti_C90:
Mimi sihitaji kujua mwaka wa gari ili nijibu: weka kaseti. Philips walipoitoa mwaka 1963 haikukusudiwa muziki wa hali ya juu, kwani utepe wake ni mwembamba na unakwenda sentimita 4.76 tu kwa sekunde, lakini hakuna chombo kilichozoeana na gari kama hicho. Unaisukuma kwa kidole, mashine inaimeza, unasikia mlio wa chuma kukaa mahali pake, halafu ule mvumo mfupi kabla wimbo haujaanza. Hata kuirudisha nyuma kwa kalamu yenye pembe sita, huku mwenzako akiendesha, ilikuwa sehemu ya safari.

Sahani_12:
Mzee C90, unasifu mvumo ambao wahandisi walihangaika miaka mingi kuuondoa. CD nayo sasa ni kitu cha zamani: ilitoka mwaka 1982, na kufikia 1984 mashine zake zilikuwa zimeingia kwenye magari. Dakika 74 bila kugeuza upande, na unakwenda wimbo wa saba kwa kubonyeza mara moja. Ningetafuta mashine ya CD ya miaka ya tisini, iliyokwisha kuwekewa kumbukumbu ya kuhifadhi sekunde chache za muziki, ili gari likiruka kwenye shimo wimbo usikatike.

Kaseti_C90:
Na je, mashine hiyo itasoma CD uliyoandika mwenyewe? Zile za kufutika na kuandikwa tena hurudisha mwanga kidogo sana, na mashine nyingi za zamani huzitema kana kwamba ni sahani ya chai.

Mshika_Usukani:
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Gari ni la mwaka 1966, limetengenezwa Uingereza. Tundu lina mashimo mawili ya duara. Volti ni 12, nadhani. Kuhusu ncha ya betri sijaangalia. Je, jambo hilo lina uzito kiasi hicho?

Bi_Antena:
Lina uzito, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu mimi nililipuuza. Gari langu ni la umri kama wa lako, na ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Nilinunua redio mpya yenye sura ya zamani, ambayo kasha lake la chuma ni upande wa hasi. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliniambia dawa yake ni kuitenga redio na chuma cha gari, na kweli akafanya kazi nadhifu: akaizungushia mpira, akaifunga juu ya kipande cha mbao, akapeleka waya mbili moja kwa moja hadi kwenye betri. Tuliiwasha, ikaimba kwa dakika kumi, nikamsifu. Kisha akachomeka waya wa antena. Hakuna aliyekumbuka kwamba wavu wa nje wa waya huo umeungana na kasha la redio kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine umeungana na bodi ya gari pale antena ilipofungwa. Betri ikawa imeunganishwa ncha kwa ncha kupitia waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Plastiki yake iliyeyuka kuanzia nyuma ya dashibodi hadi kwenye madigadi ya mbele, ikadondoka juu ya zulia, na harufu ile haijatoka hadi leo. Fyuzi ya redio haikukatika, kwa kuwa umeme haukupita kwenye fyuzi. Kwa hiyo, Mshika_Usukani, chukua kipimo cha volti leo hii.

Fundi_Nyaya:
Ahsante, Bi Antena. Naongeza jambo la spika. Kwenye redio nyingi za enzi hizo waya mmoja wa spika ulifungwa kwenye bodi. Amplifaya za kisasa hazikubali hilo: kila spika inataka waya zake mbili, na wowote ukigusa bodi, amplifaya inaweza kufa papo hapo. Kuligeuza gari zima liwe la ncha hasi kunawezekana, lakini si kubadilishana waya za betri tu. Dainamo lazima ipewe upya mwelekeo wa sumaku yake, na waya za koili ya kuwashia injini zihamishwe.

Kaseti_C90:
Yote hayo ni kweli, ila tusisahau kumuuliza: hiyo redio ya kaseti "imesafishwa" vipi? Hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, kufutwa kwa spiriti ni mwanzo tu. Belti ya zamani hugeuka kuwa kitu kama lami, na kigurudumu cha mpira kikishakuwa kigumu na kung'aa, kitatafuna utepe wako. Usijaribie kaseti ya C120, ile ya dakika 120. Utepe wake ni mwembamba mno.

Sahani_12:
Yaani chombo bora ni kile kinachokula muziki wenyewe.

Santuri_Barabarani:
Mnagombania kaseti na CD kana kwamba hayakuwapo mengine. Mwaka 1956 Chrysler waliweka kichezeo cha santuri chini ya dashibodi, sahani zikizunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika. Kisha Ford wakaleta mashine za utepe wa njia nane za sauti (8-track) kwenye magari yao ya 1966, zenye utepe usio na mwisho, ambazo zilikuwa na tabia ya kukata wimbo katikati kwa mlio wa "klak" ili kuhamia njia nyingine. Gari la 1966 linastahili hiyo.

Fundi_Nyaya:
Ndugu Santuri, tafadhali usimtie mwenzetu kwenye mkosi mwingine.

Mshika_Usukani:
Nimepima. Volti ni 12 kama nilivyodhani, na ncha chanya ndiyo iliyo kwenye bodi. Nilipokuwa nimelala chini ya dashibodi niliichomoa redio ya awali, nikaona ubavuni mwake kijiplagi kidogo chenye alama ya chanya na hasi, kinachoweza kugeuzwa. Nilipoipa umeme, taa ya kioo cha stesheni iliwaka, rangi ya chai, ingawa hakuna sauti.

Fundi_Nyaya:
Basi usiifanye pambo bado. Kijiplagi hicho ndicho cha kuchagulia ncha. Kiache kwenye chanya. Fungua kifuniko, utupigie picha ya kapasita na ya kitufe cha sauti, kwa maana hapo kwenye kitufe ndipo panapoweza kuingizwa muziki wa simu.

Kaseti_C90:
Au wa kichezeo kidogo cha kaseti.

Bi_Antena:
Na waya wa antena, ndugu yangu, uuchomeke wa mwisho, ukiwa umesimama karibu na betri.