Mrejesho: kucha za mzee zilizonenepa

Wakuu, niliwauliza kuhusu kucha za vidole gumba vya miguu vya mzee wangu, huku Uyole, Mbeya: nene, za njano, zimejikunja kama pembe ya mbuzi. Wengi mlisema fangasi, mmoja akasema karogwa (huyo namsamehe).

Hospitali walikwangua ule unga wa chini ya ukucha, wakapima. Fangasi hakuna. Sukari nayo iko sawa. Ndipo daktari akazigeukia gambuti alizokuja nazo: ndogo kwa namba mbili! Miaka yote akishuka mlima na viazi, vidole vinagonga mbele.

Kucha zimelowekwa, zikasagwa taratibu. Dawa ya kumeza hakupewa. Ukucha wa kidole gumba huchukua miezi 12 hadi 18 kuota wote, kwa hiyo tunasubiri. Gambuti mpya tumenunua Mwanjelwa, bei bado anainung'unikia.